Kishikwambi pajani, nyumbu kiwanjani

Saa 10:40 alfajiri. Arusha bado giza. Kabla sijanawa uso naangalia chaji: kishikwambi 100, cha akiba 100, pawabenki imejaa, simu 92. Nilipoanza kurusha ndege ndogo ya Cessna Caravan nilikuwa nabeba begi jeusi la ramani na makabrasha ya viwanja, mpaka bega la kulia likawa limeshuka kuliko la kushoto. Siku hizi makabrasha yote yamo ndani ya kitu kisichofika kilo moja. Bega limepona, ila usingizi umepungua. Karatasi haikuwahi kuniamsha kwa sababu ya chaji.

Saa 11:30. Chai ya rangi, chapati ya jana, na hali ya hewa kwenye programu. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wanaonyesha upeo wa macho kilomita 10 na zaidi, mawingu ya hapa na pale futi 2,000 juu ya uwanja. Ripoti zote zinakuja kwa saa za Zulu, yaani za Greenwich. Wenzangu huchukua saa ya Kizungu wakatoa tatu. Mimi huchukua saa ya Kiswahili nikaongeza tatu: saa 1 asubuhi ni 0400, saa 9 alasiri ni 1200. Vijana hunicheka, kisha nawaona wanahesabu vidole.

Ndutu, kituo chetu cha pili leo, hakuna ripoti ya namna hiyo. Kuna dereva wa kambi na WhatsApp yake. "Shikamoo Kapteni. Jana jioni ilipiga mvua kidogo, kiwanja kimekauka. Ila nyumbu wako hapo kama wamealikwa harusi." Ameambatanisha picha. Ni Februari, nyumbu wanazaa kusini mwa Serengeti, na picha ile ina thamani kwangu kuliko rangi zote za rada kwenye kioo.

Saa 1:10 asubuhi. Uwanja wa Arusha, Kisongo. Rubani msaidizi wangu ameshafika, ameshaamkia, ameshaanza kuingiza uzito. Abiria tisa, kila mmoja na begi laini la kilo 15. Namwomba asome jumla ya mizigo.

"Thelathini na tano, Kapteni."

"Soma kwenye karatasi ya mzani, usisome kwenye kioo."

Kimya. "Mia moja thelathini na tano."

Ile moja ya mbele haikuingia. Programu haikulalamika, maana kwake 35 ni namba halali kama nyingine. Nikamkumbusha kisa cha Melbourne, Machi 2009: Airbus A340-500 iliyokuwa inakwenda Dubai iliingiziwa tani 262.9 badala ya 362.9. Kompyuta ikatoa mwendo na nguvu za kurukia ndege iliyo nyepesi kwa tani 100. Mkia ukaburuzwa kwenye lami, ndege ikainuka kwa shida mwisho wa njia, ikageuka na kutua salama. Kwa hiyo kwetu mmoja anaingiza, mwingine anasoma kwa sauti kutoka kwenye karatasi. Inachosha, najua.

Saa 2:05. Tumeruka kwenda Manyara, dakika 20 na ushee. Kishikwambi nimekifunga pajani kwa mkanda. Sipendi kukibandika kwenye kioo cha dirisha. Kinaziba ndege nyingine, na kile kifyonzi kikiachia wakati wa misukosuko kinakuangukia miguuni kwenye pedeli. Msaidizi wangu alinunua chake mwaka jana kwa pesa yake, cha intaneti ya Wi-Fi tu. Nyumbani kilifanya kazi vizuri. Angani kale kandege kwenye ramani kakagoma kusogea, maana aina ile haina GPS ndani. Ikabidi anunue na kifaa cha pembeni cha GPS.

Saa 2:45. Manyara tumeshusha wawili, sasa tunavuka nyanda za juu za Ngorongoro. Hapa kishikwambi nakipa sifa zake. Mlima ulio karibu na kimo chetu unageuka njano, ulio juu yetu unageuka mwekundu, na Loolmalasin wenye mita 3,682 umejaa wekundu upande wa kulia hata pale wingu linapouficha. Vyombo vya ndege yenyewe navyo vinaonyesha, lakini huku pajani naona safari nzima kwa mtupo mmoja wa jicho.

Saa 3:20. Ndutu. Kwenye ramani kiwanja ni mstari safi. Kwenye ardhi ni nyumbu, tena nyumbu wasio na haraka. Natangaza redioni kwamba napita chini, napita, wanakimbia kushoto, wawili wanabadili mawazo na kurudi kulia. Dereva anawafukuza kwa gari. Mzunguko wa pili tunatua.

Saa 5. Seronera, katikati ya Serengeti. Tulisubiri abiria waliochelewa kwa sababu ya chui, na msaidizi aliacha kishikwambi chake juu ya dashibodi, kioo cha mbele kikitazama jua. Akakikuta cheusi, na onyo kwamba kipoe kwanza. Watengenezaji wanataka joto lisizidi nyuzi 35. Ndani ya ndege iliyoegeshwa juani hizo ni za asubuhi tu. Akafungua deli la maji ya abiria, mkono tayari umeshika barafu.

"Baba, usithubutu." Ukikipoza ghafla, unyevu unaingia ndani na kesho unazika kishikwambi. Kikakaa kivulini chini ya kiti, mimi nikatoa cha akiba. Nje nyuzi 28, uwanja uko futi 5,000 na kidogo, na hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo ndege inahisi kama iko futi 7,800 hivi. Hesabu hiyo tukaifanya mara mbili, kwa programu na kwa jedwali la karatasi. Zililingana.

Saa 9 alasiri. Zanzibar, 1200 kamili. Pweza, urojo, kuoga.

Saa 4 usiku. Leo ni Jumatano, na ramani za anga kwenye kishikwambi hubadilishwa kila siku 28, daima Alhamisi. Zilizomo zinakwisha leo. Mpya zinaanza 0000 Zulu, saa 9 usiku kwetu. Intaneti ya hoteli imeganda kwenye asilimia 41. Nimenunua bando, nimeegemeza simu dirishani, vishikwambi viwili, changu na cha msaidizi, viko kitandani upande ambao angelala mtu. Changu 88. Cha msaidizi, kile kilichoungua jua, 63, na bado anagonga mlango kuuliza kama kimepona.