Ganzi ya mgongoni ya kutuliza maumivu baada ya upasuaji wa mawe ya figo: ninavyoifanya hapa Dodoma

Mgonjwa aliyetolewa jiwe la figo kwa tundu la mgongoni huamka na maumivu ya aina mbili, na ganzi ninayoieleza hapa (ESP, inayochomwa chini ya msuli wa mgongo) inatuliza moja tu, ya kwanza. Ya kwanza ni ya kidonda cha ubavuni na bomba la nefrostomi (la kutolea mkojo wa figo kupitia mgongoni) linalomkwaruza kila akivuta pumzi. Ya pili inatokana na stenti (kijirija kati ya figo na kibofu) na katheta (mpira wa mkojo): kubanwa mkojo usiotoka, kuungua chini ya kitovu. Asiyeyatenganisha haya ataishia kuilaumu sindano bure.

Kabla ya yote, mazungumzo. Wazee wanaotoka Kondoa au Mpwapwa mara nyingi husema, "Daktari, hiyo ya uti wa mgongo siitaki, inapoozesha." Huwa najibu: "Mzee wangu, hii inaishia kwenye nyama, juu ya mfupa. Kwenye uti haifiki."

Naichoma mgonjwa akishalazwa kifudifudi, kabla ya vitambaa kutandikwa. Wapo wanaoichoma mwishoni ili saa zake zote ziende wodini, na hoja yao ina uzito. Ila mwishoni bomba na bandeji vimeshaziba njia, na kila mtu ana haraka ya kumgeuza mgonjwa.

Dawa ni bupivakeini ya asilimia 0.5, mililita 10, nikiichanganya na mililita 10 za maji ya chumvi. Napata mililita 20 za asilimia 0.25, yaani miligramu 50. Usichukue ile nzito yenye glukosi. Hiyo ni ya ganzi ya uti. Sindano ni ya geji 22, milimita 80. Isipokuwepo, sindano ndefu ya uti ya geji hiyohiyo inafaa, ikiungwa na mrija mfupi ili msaidizi asukume dawa nami nisiachie mkono.

Nahesabu pingili kuanzia ubavu wa 12 kwenda juu hadi ya 10 au ya 9 ya kifua. Probu ya ultrasaundi naiweka sambamba na uti, kama sentimita 3 kutoka katikati, upande wa figo itakayopasuliwa. Hapa ndipo wengi hupotea. Mfupa wa pembeni wa pingili huonekana bapa na mpana. Ubavu ni wa mviringo, na kando yake utando wa mapafu unang'aa na kuteleza kwa kila pumzi. Ukiuona utando huo waziwazi, umekwenda nje mno. Rudi ndani kidogo.

Sindano inaingia ikionekana yote kwenye skrini mpaka iguse mfupa. Wagonjwa wetu wengi ni wembamba, mfupa uko sentimita 2 hadi 4 tu. Najaribu kwanza kwa mililita 2 za maji ya chumvi. Msuli ukinyanyuka kutoka kwenye mfupa, na maji yakatambaa juu na chini, nipo mahali pake. Maji yakivimba katikati ya nyama, sindano bado iko juu, isogeze. Dawa inafuata polepole, tukivuta nyuma kila mililita 5 kuona kama kuna damu.

Hatari kubwa naiona kwenye hesabu. Kwa mtu wa kilo 60 kikomo ninachoshika ni miligramu 2 kwa kilo, jumla 120. Daktari wa upasuaji akimwaga mililita 20 za asilimia 0.5 kwenye kidonda bila kusema, hizo ni miligramu 100 juu ya 50 zangu. Kwa hiyo tunaambiana kwa sauti. Mafuta ya lipidi ya asilimia 20 yawe ndani ya chumba cha upasuaji, siyo stoo: mtu huyo akipata degedege au moyo ukivurugika kwa dawa, ataanza na mililita 90 za mafuta hayo mshipani.

Nguvu ya ganzi hii hutofautiana sana, kwa kuwa dawa haisambai sawa kwa kila mtu. Mara nyingi inashika saa 8 hadi 12, hivyo ya saa 4 asubuhi itaisha usiku, wauguzi wakiwa wachache. Ndiyo maana parasetamoli gramu 1 kila saa 6 inaanza mapema, mgonjwa akiwa bado hana maumivu. Diklofenaki naizuia mpaka nione kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo).

Akilalamika, mwambie aonyeshe kwa kidole panapouma. Akigusa chini ya kitovu, angalia katheta kama ina mabonge ya damu. Tamsulosini ya miligramu 0.4 husaidia maumivu ya stenti. Pumzi ikibana, hasa tundu likiwa limepita juu ya ubavu wa 12, piga eksirei ya kifua. Ubavu ukivimba, mapigo yakapanda na mkojo ukawa mwekundu mzito, mwite daktari wa upasuaji, hata kama mgonjwa anasema haumwi. Siku ya kutoa bomba ganzi imeshakwisha, basi mpe parasetamoli dakika 45 kabla.