Nilivyopima Mzunguko wa Eros, Licha ya Ushauri Niliopewa

Mwishoni mwa Januari 2012, asteroidi Eros, jabali refu linalolizunguka Jua, ilipotupita kwa umbali wa kilomita milioni 27 hivi, nilikuwa Nanyuki, Kenya, nikitaka kupima inajizungusha mara moja kwa saa ngapi, nikiwa na darubini ya mtumba, kamera ambayo mke wangu alitajiwa nusu tu ya bei yake, na ushauri wa bwana mmoja mzoefu: piga picha saa moja kila usiku, mengine uiachie programu ya kompyuta.

Nilitii. Siku tano mfululizo, kuanzia saa tano usiku hadi saa sita, nililinganisha mwangaza wa Eros, unaopanda na kushuka inapojizungusha, na ule wa nyota za jirani, nikiwa nimeharibu fokasi ya kamera kidogo kwa makusudi ili nuru ya kila nyota isambae na isijae mahali pamoja. Programu ikatoa saa 4.75, na grafu yake ilikuwa nzuri hata nikajisifu mbele za watu, ilhali Eros inajulikana kujizungusha mara moja kwa saa 5.27.

Kumbe gimba refu likijizungusha mara moja hutuonyesha ubavu mara mbili na ncha mara mbili, kwa hiyo nusu mbili za grafu hufanana kama pacha. Eros hujizungusha mara nne na nusu na ushei kwa siku. Programu, iliyokuwa ikichungulia kila baada ya saa 24, ilihesabu tano na ushei. Nusu duru ya ziada ilipenya gizani bila kuonekana.

Usiku wa sita nilikesha saa saba bila kupumzika. Umande ulipoanza kuziba lenzi, niliifunga darubini soksi iliyojaa mchele uliopashwa moto, nikawa nabadilisha soksi kila ulipopoa. Mchele ule haukurudi jikoni, na lawama zake ninazo hadi leo. Saa 5.27 zikatoka.

Kwa umbo, nilitumia njia ya kukadiria umbo kutokana na mabadiliko ya mwangaza, iliyochapishwa mwaka 2001 na mwanahisabati Mikko Kaasalainen wa Ufini na wenzake, nikaongeza vipimo vya watu wengine vya miaka ya nyuma, kwa kuwa vyangu viliiona Eros kutoka upande mmoja tu. Nilipata umbo la kiazi kitamu. Picha za chombo cha anga NEAR Shoemaker, kilichoizunguka Eros mwaka 2000, zinaonyesha gimba la kilomita 34 lililopinda na kubonyea ubavuni. Lakini njia hii hutoa maumbo yasiyo na mabonde, kwa hiyo pale penye bonde kiazi changu kina uso bapa, kana kwamba kimekatwa kwa kisu.