Uanachama "unaojilipa wenyewe": hesabu yangu ya oda 61

Aliyeniingiza kwenye uanachama wa duka la mtandaoni ni shemeji. Alinikuta nalipia usafirishaji wa pakiti ya betri, akashika kichwa kana kwamba nimeungua. "Shemeji, mpaka leo unalipia kuletewa mzigo? Lipa ada ya mwaka mara moja, uletewe bure mwaka mzima. Inajilipa yenyewe." Hayo maneno, inajilipa yenyewe, nimeyasikia kwa watu wasiopungua watano tangu siku hiyo, na hakuna hata mmoja aliyenionyesha hesabu yake.

Nikajiunga. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa majaribio, bure. Tarehe ya mwisho nikaisahau, kadi ikakatwa ada ya mwaka mzima. Ukijiunga na majaribio, weka kengele kwenye simu siku hiyohiyo, na iwe ya siku mbili kabla.

Mwaka ulipokaribia kuisha ikaja barua pepe kwamba uanachama utaendelea na kadi itakatwa tena. Nikasema leo nakaa kitako. Nikafungua orodha ya oda zangu, nikahesabu: 61. Ada ya mwaka kwangu ilikuwa sawa na kulipia usafirishaji wa mizigo kama 20 hivi, labda 19. Kwa hiyo 61 ukitoa 20, nimefaidi mizigo 41! Na lile duka lenyewe lilikuwa na ukurasa wenye maandishi makubwa ya kijani: umeokoa kiasi fulani. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia shemeji na maneno "ulikuwa sahihi". Akanijibu kwa vidole gumba vitatu. Jioni simu ikazunguka mezani, kila mtu aone baba alivyo mjanja.

Binti yangu akaitazama, akanirudishia. "Baba, ungekuwa unalipia usafirishaji, ungeagiza mara 61?"

Nikamwambia hilo swali halina maana. Usiku sikulala vizuri.

Kesho yake nikachukua daftari nikachora safu tatu. Ya kwanza: ningenunua kwa vyovyote. Ya pili: ningesubiri nikavijumlisha. Ya tatu niliipa jina "nilirogwa". Halafu nikapita oda moja moja, kuanzia ya kwanza. Ilichukua karibu jioni nzima, maana nyingine ilibidi niinuke nikakitafute hicho kitu ndani ya nyumba nijue ni nini.

Kuna wiki moja sitaisahau. Jumatatu niliagiza waya wa kuchajia simu. Jumatano, kifuniko cha simu hiyohiyo. Ijumaa, kitambaa cha kufutia skrini yake. Maboksi matatu, safari tatu za dereva, simu moja. Boksi la kitambaa lingetosha jozi ya viatu vya mtu mzima. Nilipolifungua, kitambaa kilikuwa kimelazwa katikati ya mifuko ya hewa kama mgonjwa wa wodi binafsi. Na nakumbuka wakati ule nilifurahi. Sikujiuliza kwa nini nisingengoja siku nne vije pamoja, kwa sababu kungoja hakukuwa na faida yoyote: nilishalipa. Ndiyo dawa yenyewe hiyo. Ukishatoa ada, kila usipoagiza unajiona unapoteza.

Matokeo ya daftari: 14 ningenunua kwa vyovyote, 24 ningesubiri, 23 nilirogwa. Katika zile 14, sita zilikuwa za bei kubwa, zimepita kile kiwango ambacho duka linamletea bure mtu yeyote, mwanachama au si mwanachama. Zikabaki nane. Zile 24 nilipozipanga kwa miezi zingeingia kwenye oda tano. Nane na tano, mizigo 13. Nimelipa ada ya mizigo 20 kuletewa mizigo 13, na juu yake nina vitu 23 ambavyo sijui nilivitaka kwa nini, vikiwemo vibanio vya karatasi vyenye umbo la tembo. Mimi karatasi za kubana sina.

Nikampigia shemeji. Akahamia kwenye filamu na muziki: "Umesahau hizo? Zimo humohumo." Ni kweli zimo. Nilikuwa nimetazama filamu moja na nusu. Ile nusu nililala katikati. Nikaambiwa pia kuna bei za wanachama tu. Nikachukua vitu vitano nilivyonunua kwa bei hizo nikavitafuta kwenye maduka mengine. Vitatu vilikuwa bei ileile, kimoja kilikuwa nafuu zaidi kwingine.

Huu mtindo wa kurundika mambo kwenye ada moja si mpya. Amazon Prime, uanachama wa duka la mtandaoni la Amazon, ilianza Marekani mwaka 2005 kwa dola 79 kwa mwaka, na ahadi yake kubwa ilikuwa mzigo kufika kwa siku mbili bila kulipia. Video ziliongezwa 2011, mengine yakafuata, na kufikia 2022 ada ikawa dola 139. Kwa hiyo anayekuambia "ona vitu vingi unavyopata" mwulize ni vingapi yeye anavitumia. Kisichotumika usikitie kwenye hesabu hata kama ni kizuri namna gani.

Ila nisiwe mchoyo wa ukweli. Jirani yangu ana mtoto mchanga na hana wa kumwachia. Nilimpa daftari langu ajaribu, safu yake ya kwanza ikajaa, ya tatu ikabaki na vitu viwili. Yeye alipe tu.

Kujitoa sasa. Nilidhani ni kubofya mara moja. Kwanza kiungo chenyewe nilikitafuta mpaka nikaenda kunywa maji. Nilipokipata, ukurasa ukaniuliza kama najua ninachokipoteza, na picha za vifurushi. Kitufe cha "endelea kufaidi" kikubwa, cha rangi. "Sitisha" ni maandishi ya kijivu chini yake. Nikabofya ya kijivu. Ukurasa wa pili ukanibembeleza nisimamishe kwa muda tu. Wa tatu ukanipa punguzo. Hapo niliyumba kidogo, nakiri. Wa nne ndio ulikubali, na bado nikabofya kitufe kisicho chenyewe nikajikuta nimerudi mwanzo. Mara ya pili nilimwita binti asome yeye kwa sauti, mimi nibofye.

Baadaye nikajua siko peke yangu. Mwaka 2023 tume ya Marekani inayosimamia ushindani na haki za wateja, FTC, iliishtaki Amazon kwa kuwaandikisha watu Prime bila ridhaa yao na kufanya njia ya kujitoa iwe ndefu makusudi. Kwa mujibu wa mashtaka, njia hiyo ndani ya kampuni iliitwa Iliad, jina la utenzi mrefu wa kale wa vita vya Troya. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, ambazo bilioni 1.5 ni za kurejeshewa wateja, bila kukiri kosa. Kuchoka kwangu kwenye ukurasa wa nne kumbe kuna watu walikwenda nako mahakamani.

Sasa mbinu yangu, na hapa naomba mniruhusu kujisifu. Kitu nikikitaka nakiweka kwenye kikapu cha duka, silipi. Halafu nakiandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa jokofu, na tarehe. Kikifika siku kumi bado nakitaka, kinabaki. La, nakikata kwa kalamu nyekundu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na vitu 11, vilivyobaki ni vinne. Hivyo vinne nikaviagiza pamoja, vikapita kiwango cha kuletewa bure. Sikulipa ada wala usafirishaji. Na lile duka, likiona kikapu kimejaa na hakiendi, mara mbili limenitumia kuponi lenyewe.

Mtego upo: kukaribia kile kiwango ukatafuta kitu cha kujazia. Nilipungukiwa kidogo tu mara moja, nikanunua pakiti ya soksi ili niokoe nauli ya mzigo. Soksi zilikuwa ghali kuliko hiyo nauli. Binti alizihesabu: jozi kumi na mbili, zote rangi ya haradali.

Na binti huyohuyo alipohamia chumba chake cha chuo nilijiunga tena, safari hii kwa mwezi mmoja. Ada ya mwezi ukiizidisha mara 12 inazidi ya mwaka, ndiyo maana wanakusukumia ya mwaka. Lakini kwangu ya mwaka ilikuwa kama ya miezi tisa, na mimi miezi tisa ya kuagiza sina. Mashuka, taa ya mezani, ndoo, waya wa umeme, vyote ndani ya wiki tatu. Nilijitoa siku ileile niliyolipa, na huduma ikaendelea mpaka mwezi ukaisha. Kwa majaribio ya bure soma masharti kwanza, kuna kwingine ukijitoa wanakukatia huduma papo hapo.

Shemeji bado ni mwanachama. Juzi alikuja na mfuko wa betri, akaniuliza kama nahitaji, maana kwake hana pa kuziweka. Nilizichukua, nikampa jozi tatu za soksi.