Yaya wa Mefiboshethi

Wapendwa katika Bwana, neno letu la juma hili ni 2 Samweli 4:4. Mefiboshethi, mjukuu wa mfalme Sauli, alikuwa na umri wa miaka 5 habari za kifo cha Sauli na Yonathani, baba yake, zilipofika kutoka Yezreeli. Yaya wake akamchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu. Biblia haimtaji yaya huyo kwa jina, wala haimlaumu kwa neno hata moja.

Sisi hulaumu. Katika vijiji vyetu vya Chamwino na Bahi, ambako chakula hupikwa kwa kuni juu ya mafiga na upepo wa kiangazi huuchochea moto, mtoto akimwagikiwa uji au akiangukia jikoni, wanaokuja kumpa mama pole humwuliza kwanza, "Ulikuwa wapi?" Kisha hufuata minong'ono ya laana na ya kurogwa. Mama huyasikia yote, naye taratibu huanza kumfunika mwanawe kanga hadi usoni na kumwacha nyumbani siku ya ibada, huku baba akiahirisha kumwandikisha shule. Wanamficha kwa sababu wanampenda, nasi tunawahukumu mara ya pili kwa kumficha.

Kufichwa huko huumiza hata mwili. Kovu la moto halikui pamoja na mtoto. Lisiponyooshwa kwa mazoezi, au kufanyiwa upasuaji mapema, hukaza hata kidevu kikavutwa kuelekea kifuani na vidole vikajikunja kiganjani. Mtoto asiyetolewa nje hafiki kliniki.

Tunapenda kuhubiri sura ya 9, Daudi akimketisha Mefiboshethi mezani pake. Mimi navutwa zaidi na Makiri mwana wa Amieli, wa Lo-debari, ambaye Mefiboshethi alikuwa akikaa nyumbani mwake kabla mfalme Daudi hajauliza habari zake. Katika jumuiya zetu wapo wazazi wanaomhitaji Makiri: wa kuchangia nauli ya kwenda hospitali mjini Dodoma, na wa kubaki na watoto wengine wakati mama amelala wodini na mgonjwa wake. Mzee wa kanisa anayeijua nyumba ya namna hiyo aende Jumamosi hii, amsalimu mtoto kwa jina lake na kumpa mkono kama anavyowapa wengine, na habari ya jinsi alivyoungua aiache mpaka mama mwenyewe atakapotaka kuisimulia.