Asimame Nje (Kumbukumbu la Torati 24:10-13)

Wapendwa, somo la wiki hii linamwagiza mkopeshaji asiingie nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, aletewe. Na kama rehani yenyewe ni vazi la maskini, arudishiwe jua likichwa, apate kulala nalo.

Torati haikufuta deni. Ilichokataza ni kuvuka kizingiti cha mdaiwa. Sasa fikirini mwenye nyumba anayepiga kufuli chumba cha mpangaji, godoro, sufuria na sare za watoto vikiwa ndani. Baadhi ya wenye nyumba hao tunapokea nao komunyo.

Tupige hesabu. Chumba kimoja Magomeni au Chikongola hapa Mtwara mjini, tuseme ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Kodi inatakiwa ya miezi sita kwa mkupuo, 240,000. Dalali naye anachukua ya mwezi mmoja. Hiyo ni 280,000, na ndoo ya maji bado hujanunua. Mama lishe au kijana wa bodaboda anaweza kuikusanya Novemba, korosho zikiwa mnadani na hela ikizunguka mjini. Lakini kodi ya Novemba inakwisha Aprili, na minada hairudi hadi Oktoba. Anayekwama Mei si mvivu. Kalenda ya kodi na kalenda ya korosho hazikutani.

Mwenye nyumba anaweza kupokea ya miezi miwili miwili, hasara hapati. Jumuiya nayo ikopeshe ya miezi mitatu, irejeshwe kidogo kidogo kuanzia Novemba, na itumwe kwa simu moja kwa moja kwa mwenye nyumba ili muamala ubaki kuwa ushahidi.

Msilipe kabla ya kumwona mwenye nyumba mwenyewe. Dalali mjanja hukipokelea chumba kimoja hela za watu wawili. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa atawaambia nyumba ni ya nani. Andikeni kiasi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, muda wa notisi, na habari ya umeme. Hapo kwenye umeme msipite haraka: mita moja ya LUKU ikihudumia vyumba sita, mwenye friji na mwenye taa moja wakachangia sawa, ugomvi hauishi.

Wiki hii kila jumuiya imtafute, bila kumtangaza, mpangaji ambaye kodi yake inaisha Aprili. Mwenye nyumba wake aendewe Februari.