Kuelea, kuvua, kukausha: ninavyoandaa utando wa dhahabu kwa hadubini ya elektroni

Mtu akiniuliza ugumu wa kazi hii uko wapi, simpeleki kwenye hadubini. Namwonyesha kisahani cha maji. Hapo ndipo utando unapopona au kuharibika.

Elektroni lazima zipenye sampuli. Elektroni zikisukumwa kwa kilovolti 200, dhahabu yenye unene wa nanomita 20 hadi 40 inanitosha. Ikipita 100 picha inakuwa giza, kwa sababu atomi nzito hutawanya elektroni mno. Aluminiamu ni nyepesi, yenyewe inaruhusu unene zaidi. Kitu chembamba namna hiyo hakishikiki, kwa hiyo hukuzwa juu ya kitu kingine kitakachoondolewa baadaye. Mimi natumia fuwele ya chumvi ya kawaida: maji huiyeyusha, dhahabu inabaki salama.

Fuwele naipasua kwa wembe muda mfupi tu kabla ya kuiingiza kwenye chombo cha ombwe, yaani kilichoondolewa hewa, ambamo dhahabu hugeuzwa mvuke. Wembe unalala sambamba na ukingo, pigo moja jepesi, vipande vinaachana na uso mpya unang'aa. Uso uliokaa hewani hufyonza unyevu na kupata ukungu, na utando hunakili kila kovu lililopo. Nikitaka chembe ndogondogo zilizoelekea huku na huku, naacha mvuke wa dhahabu utue juu ya chumvi isiyopashwa moto. Nikitaka dhahabu ifuate mpangilio wa fuwele, naipasha chumvi hadi nyuzi 300 na ushei. Lakini kwa joto hilo dhahabu huanza kama visiwa vinavyochelewa kuungana, hivyo naiongeza unene, la sivyo naishia na matundu.

Sasa maji. Nachora utando kwa wembe, viraba vya kama milimita 2, kwa kuwa gridi, yaani kiwavu cha metali kinachobeba utando ndani ya hadubini, ina kipenyo cha milimita 3. Kisha nakizamisha kipande cha chumvi kwenye maji safi yaliyokenekwa kikiwa kimeinama, polepole mno, jicho kwenye mstari ambapo maji yanakutana na dhahabu. Maji yanapenya chini ya utando, na mvutano wa uso wake unaubandua na kuutandaza. Ukiharakisha, maji yanapanda juu ya utando, unakunjika au unazama, na uliozama mara nyingi ni wa kusahau. Ukienda vizuri, kiraba kinaelea kikiwa cha njano. Ukikitazama kikiwa kati yako na taa, mwanga unaopenya ni wa kijani. Rangi hiyo hunifurahisha kila mara, na pia inaniambia kwamba unene si wa kupindukia.

Maji hayo sasa yana chumvi. Yakikaukia kwenye gridi yanaacha vijichemraba vinavyofunika kila kitu, kwa hiyo nahamisha kiraba kwa kitanzi cha waya mwembamba hadi kisahani cha pili chenye maji safi. Gridi nimekwisha kuiosha kwa asetoni. Naishika ukingoni kwa kibano, naizamisha mbali na utando, naileta chini yake, kisha naiinua kwa mshazari ili ukingo mmoja wa kiraba ushike kwanza. Nikiishusha kutokea juu napata makunyanzi karibu kila mara.

Kuna tone ambalo wengi hawalioni: lile linalojificha kati ya ncha mbili za kibano. Ukikiachia, tone hilo linavuta gridi irudi kwenye ncha, na utando unachanika. Mimi napenyeza kona ya karatasi ya chujio katikati ya ncha, nangoja inywe maji yote, ndipo naiweka gridi chini.

Kwa aluminiamu nafupisha muda wa majini, kwani maji hubadilisha uso wake. Na kama utando ni wa shaba na nataka kupima kemia yake, gridi ya shaba naiacha, natumia ya nikeli.