Kisa cha Dirisha, au Nilivyoandika Kumbukumbu ya Mwalimu

Profesa wetu wa historia alipofariki, wanafunzi wake wa zamani walinisukumia mimi kazi ya kuandaa kumbukumbu. Ushauri ukamiminika, na wote ulikuwa mmoja: chukua wasifu wake, taja shahada, vyeo na machapisho, nyunyizia sifa, keti. Nikatii. Kurasa tisa! Nilimsomea mjane wake jioni moja. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Na huyo ni nani, mwanangu?"

Nikaomba ruhusa ya kuingia chumba alichokuwa akisomea.

Humo nikafanya kosa la pili, na hili nililifanya kwa kiburi. Meza, sakafu na kiti cha wageni vilikuwa vimejaa karatasi. Nikasema moyoni, maskini Mwalimu hakuwa na msaidizi, leo amempata. Siku mbili nzima nilichomoa barua zilizofichwa ndani ya vitabu, nikabomoa marundo, nikapanga kila kitu kwa mwaka kwenye makasha, kila kasha na lebo yake. Pini zenye kutu peke yake ndizo nilizozitendea haki: nilipenyeza kwanza kipande cha plastiki laini chini ya kila moja, karatasi zisichanike.

Siku ya tatu akaja dada mmoja tuliyesoma naye, ambaye amefanya kazi kwenye hifadhi ya nyaraka miaka mingi. Alipoyaona makasha akashika kichwa. "Kaka, umefanya nini?" Nikapewa somo nikiwa nimesimama. Wafaransa waliagiza mwaka 1841 kwamba nyaraka za mwenye mmoja zisichanganywe na za mwingine. Waprusi, yaani Wajerumani wa dola ya Prussia, mwaka 1881 wakashikilia kwamba hata mpangilio aliouacha mwenyewe usivurugwe, maana nao ni ushahidi. Mimi, msomi wa historia, nilikuwa nimefuta ushahidi kisha nikaubandika lebo.

Kilichoniokoa si akili. Siku ya kwanza nilikuwa nimepiga picha za ile fujo ili nikawachekeshe wenzangu. Tukazikuza, tukarudisha rundo moja moja, labda nusu ya karatasi zote. Rundo la kwenye kiti, ambalo mimi nililiita "mchanganyiko", liliporudi lilivyokuwa, sote wawili tukanyamaza. Lilikwenda kwa zamu: makala ya Mwalimu, insha ya mwanafunzi anayeipinga, halafu ukurasa wa mwandiko wake akikiri alipokosea. Kisha makala nyingine, insha nyingine, ungamo jingine. Kwa mpango wangu wa miaka, hayo yote yalikuwa yametawanyika makasha manane na hayasemi neno. Rundo hilo ndilo likawa moyo wa kijitabu cha kumbukumbu.

Sasa kisa cha dirisha. Kila aliyefundishwa naye anakijua: siku moja Mwalimu alirusha insha ya mwanafunzi dirishani kwa kuwa haikutaja chanzo hata kimoja, akamwambia, "Shuka ukakitafute." Wote walitaka kiwemo. "Ukikiacha hujaandika kitu," nikaambiwa.

Lakini mhadhara wake wa kwanza, kila mwaka, ulimhusu Ibn Khaldun, mwanahistoria mzaliwa wa Tunis wa mwaka 1332, aliyewacheka wanahistoria waliorithishana habari kwamba jeshi la Nabii Musa lilikuwa na watu 600,000. Jeshi la ukubwa huo, aliuliza, lingejipanga wapi? Mstari wa kwanza ungejuaje yanayotokea wa mwisho? Ningewezaje kumzika Mwalimu wa namna hiyo kwa kisa nisichokipima?

Nikachora jedwali: nani kasimulia, alisoma mwaka gani, alikisikia kwa nani. Wasimulizi kumi na mmoja, na wanne wakaapa kwamba walikuwepo. Hapa najisifu kidogo, maana hila ilikuwa yangu. Sikuuliza kilichotokea, hilo kila mtu analo tayari mdomoni. Niliuliza, "Wewe ulikuwa umekaa wapi? Pembeni yako alikuwa nani?" Mashahidi wanne wakaanza kukohoa. Nikagundua pia kwamba kadiri msimulizi alivyosoma miaka ya karibuni, ndivyo insha ilivyoanguka kutoka juu zaidi: ghorofa ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne.

Jedwali likanifikisha kwa mzee mmoja wa kundi lake la mwanzo kabisa. Alicheka hadi akatoa miwani. Insha ilikuwa yake. Ilipeperushwa na upepo, na aliyekimbia nje kuiokota ni Mwalimu mwenyewe, akarudi na matope magotini akiomba radhi. Wala hapakuwa na ghorofa. Chumba kilikuwa chini.

Rekodini mazungumzo kama hayo kwa simu mbili, jamani. Yangu ilizima katikati ya magoti.

Kwenye hafla nilisimulia vyote viwili, tukio na ukoo wa uvumi wake, ghorofa kwa ghorofa, bila kumtaja mtu. Mjane alicheka, nami nikashusha pumzi. Tulipokuwa tunakunja viti, mmoja wa wale wanne akanivuta kando.

"Umesema vizuri," akaninong'oneza. "Ila mimi kweli nilikuwepo. Ilikuwa ghorofa ya tatu."